Alama Niliyojichora Gotini

Hili jambo mke wangu ameshalisimulia kijiji kizima cha Tindiga, kwa hiyo naona bora nami niliseme kwa kinywa changu, maana kila anayelipokea anaongeza chumvi, na juzi nimesikia huko Kilangali wanasema eti nilimkimbia daktari nikiwa na shuka tu. Sikukimbia. Ningekimbia kwa magoti yapi? Nilichofanya ni kibaya kuliko kukimbia, na mpaka leo nikikikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu shambani.

Mimi magoti yangu yanagongana tangu utotoni. Nikisimama, magoti yanakutana na nyayo zinaachana (shuleni waliniita Mkasi, na wapo wenye wajukuu sasa hivi ambao bado wananiita hivyo hivyo). Haikunisumbua sana mpaka miaka hii ya karibuni, goti la kulia likaanza kuuma, likawa linavimba, ikafika mahali nikiingia jarubani kupandikiza mpunga saa moja tu inatosha, natolewa nimeshikwa mkono na Mama Zuhura, mke wangu, huku nimeuma meno nisipige kelele mbele ya vibarua. Msimu uliopita nusu ya shamba ilibaki nyasi. Sina kazi nyingine ninayoijua, watoto bado wanasoma, na nilikuwa nalala nikiwaza mkulima wa mpunga asiyeweza kusimama kwenye tope anakuwa nani hasa.

Ndipo tukasikia kuna hospitali upande wa Mikumi amefika daktari bingwa wa mifupa, yupo kwa siku chache tu, Ijumaa jioni anaondoka. Tukaenda. Akanipiga picha ya eksirei nikiwa nimesimama, miguu mizima, kuanzia nyonga mpaka kifundo, akaiweka kwenye mwanga akachora mstari kwa rula. Akasema mstari wa mtu mwenye miguu iliyonyooka kutoka nyonga mpaka kifundo unapita katikati ya goti, wangu unapita nje, kwa hiyo uzito wote unalalia upande mmoja na upande huo umelika, kama tairi ya baiskeli ambayo ringi yake imepinda.

"Goti la bandia kwa umri wako ni mapema, baba," akaniambia. "Nitakata mfupa wa paja hapa, juu kidogo ya goti, niunyooshe, niufunge kwa bamba la chuma na skrubu. Tunaanza na wa kulia. Wa kushoto tutauangalia siku nyingine."

Nikasaini. 

Alhamisi jioni akapita wodini na kalamu nene ya wino mweusi, akanichora mshale kwenye paja la kulia unaoshuka gotini, na pembeni akaandika herufi mbili za jina lake. Sista aliyekuwa naye (mama mmoja mnene, sauti yake ukiisikia unajikuta umekaa sawa hata kama hakusema na wewe) akaniangalia machoni. "Baba, kesho asubuhi utaoga na sabuni hii ya hospitali, lakini hii alama usiifute. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa, hilo ndilo linalonitia aibu.

Sasa asubuhi niliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, nikaingia bafuni nikijikongoja, na humo ndani hofu ikanikamata vibaya. Nikajiambia, Ramadhani, wewe leo unakwenda kukatwa mfupa kwa msumeno, na ukifa je? Nikaamua nisioge tu, nikoge josho kamili la kujitwaharisha, nikifa nife nimetakata. Nikaanza vizuri na nia yangu, nikafika kwenye paja, nikauona ule wino mweusi umekaa kama lami, na hapo ndipo nilipojitia ufundi wa dini nisiousomea: kwamba maji hayafiki kwenye ngozi, kwa hiyo josho halijatimia. Nikachukua dodoki. Nikajisemea nasugua kidogo tu, halafu nitamwambia sista aichore tena, yeye ni binadamu ataelewa.

Alama ikatoka yote. Na kwa kuwa mtu akioga bila mafuta ngozi inapauka, nami sikutaka kupelekwa mbele ya madaktari nimepauka, nikajipaka mafuta ya mgando miguu yote miwili mpaka ikang'aa.

Nikaswali nimekaa kitandani. Ile natoa salamu tu, sista huyo, anapita na faili zake.

"Baba, umeoga?"

"Nimeoga, sista."

"Alama ipo?"

Jamani, ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme sista samahani, nikaiangalia ile sura, nikasema, "Ipo." Akaandika kwenye faili akaenda zake. Nikabaki pale nimemdanganya mtu kwa jambo ambalo jibu lake lipo chini ya shuka langu.

Kitanda cha pili alilala Mzee Yohana, mwalimu mstaafu kutoka milimani, Mwanglikana mzuri tu, alivunjika nyonga akichuma maharage. Vitu vyake vyote aliviandika jina kwa kalamu ya maka, ile ya kuandikia magunia, sahani YOHANA, ndoo YOHANA, hata ndala ya kushoto na ya kulia. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, naomba kalamu."

"Marahaba. Ya nini asubuhi hii?"

Nikamweleza kwa kunong'ona.  "Kijana, mwite sista."

"Nishamwambia ipo, mwalimu."

"Ndiyo nasema mwite." Lakini kalamu alinipa (nyie watu wa bondeni, akasema, mkipewa ushauri mnataka na kalamu yake).

Nikachora mshale paja la kulia, upande wa ndani, mpaka gotini. Ulitoka mwembamba na wa kukatika kwa sababu ya mafuta, lakini ulikuwa mshale. Hapo ningeacha, labda leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Ila hofu haikuacha, ikaniletea wazo jingine: daktari akisimama miguuni kwangu, kulia kwangu si ndiyo kushoto kwake? Na zile herufi mbili za jina lake siwezi kuziiga. Je, akikosea? Akikata mguu wa kushoto, nitarudi Tindiga na miguu miwili mibovu, mmoja kwa Mungu na mwingine kwa uzembe wangu. Basi nikaandika kwenye goti la kushoto kwa herufi kubwa: SIYO HUU. Nikajilaza, nikajifunika, nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

Nimeshasema magoti yangu yanagongana. Mtu mwingine akilala, magoti yanaachana. Mimi yanalaliana, na nilivyokuwa natetemeka yalikuwa yanasuguana, mafuta juu ya wino mbichi, kwa muda wa saa nzima.

Wakaja na kitanda cha magurudumu, nimevaa gauni la kijani linalofungwa nyuma, wakanisukuma mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Pale kwenye korido ndipo wanapokaa ndugu wa wagonjwa, mabenchi mawili yamejaa, Mama Zuhura mbele kabisa na shemeji yangu pembeni. Daktari akatoka, akanisalimia vizuri, akasema kabla hatujaingia tunahakikisha mguu, akafunua shuka.

Akainama karibu na magoti yangu. Nikainua kichwa nami nione anachokiona. Paja la kulia lilikuwa limepakaa weusi tu, hakuna mshale. Mshale ulikuwa umehamia kwenye mguu wa kushoto, umejichapa pale vizuri kabisa kuliko nilivyouchora, na chini yake lile neno la kwanza limefutika lote. Goti langu la kushoto, lile zima kidogo, lilikuwa na mshale na neno moja: HUU.

 Sikuwaza aibu wakati ule, niliwaza msumeno.

"Baba," daktari akasema polepole, "hii si alama yangu."

Sista akasogea, akaangalia, akaangalia na faili lake. "Asubuhi nilikuuliza ukaniambia ipo."

 Aliyekuwa anakula muhogo benchini aliacha kutafuna.

"Tuambie wewe mwenyewe," daktari akaendelea, "tunafanya mguu gani?"

Na mimi, kwa akili zangu timamu, baba wa watoto wanne, nikasema, "Wa kushoto." Sijui kwa nini. Nilikuwa naona mshale, ukaniamuru. Nikasikia sauti ya Mama Zuhura kutoka benchini, wala hakupandisha, akasema, "Daktari, wa kulia. Huo wa kulia ndio ninaoukanda kila siku." Halafu akanigeukia. "Ulifuta alama kwa nini?"

Nikajaribu kueleza habari ya josho na maji kutofika kwenye ngozi. Watu wote wanasikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbona sisi tunapaka hina na udhu unapita?"

Benchi likacheka. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nimelala chali, miguu wazi, imeandikwa, gauni limepanda, mikono sijui niiweke wapi.

Daktari hakucheka. Akasema mgonjwa ambaye alama yake na maneno yake havielewani haingii humu mpaka kila kitu kirudiwe mwanzo, faili, fomu, eksirei, na wengine wanasubiri, kwa hiyo atangulizwe mama mmoja wa Munisagara aliyekuwa anafuata. Kama muda ukibaki, watanirudia. "Kama" hiyo ilinichoma. Jioni anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nikasukumwa kurudi wodini kwa korido ile ile, na kila niliyempita alikuwa anaangalia magoti yangu.

Nilikaa na njaa na kiu mpaka saa nane mchana. Mzee Yohana hakunitania hata mara moja, na hilo lilinitisha zaidi. Nililia, nasema wazi, nilijifunika shuka nikalia, kwa kuwa niliiona ile nusu ya shamba yenye nyasi na nikajua safari hii nyasi hizo nimezipanda mwenyewe.

Sista akaja na spiriti na pamba, akaanza kunisafisha miguu yote miwili. Nilingoja anifokee. Hakufoka.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuogopa, sista."

Akaacha kusugua. "Zaidi ya kisu?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana ndiyo ilikuwa hivyo.

Akasema, "Kuna baba mmoja alikunywa uji asubuhi ya upasuaji, na chakula kikiwa tumboni dawa ya usingizi inaweza kuua. Nikamuuliza umekula, akaniambia hapana. Mtoto wake ndiye aliyekuja kutuambia baadaye kwamba baba aliogopa nitamgombeza." Akaendelea kusafisha goti langu taratibu, na sikuweza kumuuliza yule baba alipona au hakupona, kwa sababu niliuona uso wa sista. Tangu siku ile sikumwona tena ni mkali. Nilimwona ni mtu aliyewahi kudanganywa.

Saa tisa wakanirudia. Daktari alikuwa amechoka, akalinganisha picha na mguu, akanichora upya mbele ya watu watatu, akaniuliza, nikajibu wa kulia, akaniuliza tena nikajibu tena. Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikapotea yote, pazia likafungwa kifuani, na humo ndani nilisikia kila kitu mpaka sauti ya chuma. Hofu ya mtu aliyechezea alama yake halafu akalazwa hasikii mguu upi unashikwa, hiyo niulizeni mimi.

Walikata wa kulia. Umenyooka sasa, nina bamba na skrubu, natembelea fimbo na msimu huu nimepandikiza, polepole. Wa kushoto unasubiri zamu, na ikifika nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nikiulizwa jambo lolote hospitalini nitasema lilivyo, hata kama nimekosea, hata kama nitafokewa mpaka nizibe masikio. Yule sista angemwita daktari anichore tena kwa dakika moja. Nilichotakiwa ni kusema neno moja, "imefutika," na mtu mzima kama mimi nilishindwa.