Mama Alipoacha Kusikia

Mama yangu hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliuza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa majanini, mbele ya nyumba yetu mtaani Mangobo, na maneno yake yalikuwa machache. Ila alasiri, wamama wa jirani walipoanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, alitunyamazisha sisi watoto.

"Munyamaze kwanza," alisema. "Mungu iko anapita."

Tulinyamaza. Michi mitatu minne, kila mmoja uani kwake, ilifuatana, ikapishana, halafu ghafla ikatua yote pamoja mara moja tu. Hapo mama alifumba macho. Mimi nilikuwa nawaza chakula. Lakini siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, ilipotua hivyo nilisisimka mwili mzima, na tangu siku ile sikumcheka tena.

Miaka miwili iliyopita malaria ilimwangusha. Kwenye kituo cha afya alitundikiwa serumu, dripu za kwinini, siku tatu. Homa iliposhuka, alinitazama nikimsalimu.

"Ongea kwa nguvu," alisema.

Nikapaza sauti.

"Sasa mbona uko unachezesha midomo tu?"

Muuguzi alinieleza kwamba dawa ile huleta mlio masikioni, na kwamba utapita. Mlio ulipita kweli. Baada yake hakikubaki kitu.

Tulipomrudisha nyumbani nilitafuta la kufanya. Nilimpeleka uani kwa jirani wakati wa kutwanga, nikashika kiganja chake na kukiweka ubavuni mwa kinu. Jirani alielewa, akatwanga taratibu, kwa nguvu. Nilimtazama mama usoni, nikidhani nimempatia njia.

"Iko inatetemeka," alisema. Akauondoa mkono, akaufuta kwenye kikwembe chake. "Ile ni muti tu."

Akaacha kwenda kanisani. Nilipomwonyesha kwa mkono upande wa kanisa, alitikisa kichwa. "Niende kufanya nini? Alikuwa anapitia kwa masikio. Mulango alifunga yeye mwenyewe."

Nilikasirika. Nikachukua karatasi, nikamwandikia kwamba Mungu ana njia nyingi. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akawashia makaa.

Kisha Jumapili moja, bila kuambiwa na mtu, alivaa nguo zake nzuri, akasimama mlangoni kunisubiri. Tuliketi viti vya nyuma. Misa ilikwenda vizuri mpaka baada ya komunyo, wakati watu wote wameinama kimya. Hapo mama alisimama, akaanza kuimba.

Sauti ilikuwa juu mno, ikakwaruza, ikapotea njia, ikaanza tena. Watoto waliokaa mbele yetu waligeuka, wengine wakaziba midomo wasicheke. Mzee mmoja mwenye utepe mkononi wa walinda utaratibu alikuja akaniinamia.

"Umukalishe, tafazali."

"Umuache, papa," nilimjibu. "Hasikii."

Akabaki amesimama kando yetu, hajui aweke wapi mikono. Mama aliimba beti zote nne za wimbo wake. Alipomaliza alikaa, jasho likimtiririka, akanivuta kwa mkono wa shati.

"Nimeimba muzuri?" aliuliza, kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia.

Nilitikisa kichwa kukubali. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayehesabu meno yangu akitafuta uongo, halafu akageukia altare na kukunja mikono.

Hajarudi kanisani tangu siku hiyo. Nami sijamwomba arudi.