Pikipiki Isiyokula

Kijiweni kwetu bodaboda Tunduma, ukitaka heshima huhitaji gari wala shamba. Unahitaji chupa ya soda ya nusu lita. Unaijaza petroli, unaifunga juu ya tangi kwa mpira, unaiunganisha na kabureta kwa mrija, halafu unaendesha mpaka pikipiki izime. Pale ilipozimia ndipo hadhi yako ilipo. Ikizimia karibu, utaisukuma kurudi huku wenzako wamejipanga barabarani wanakuimbia pole pole kama mnasindikiza jeneza.

Mimi nimesindikizwa sana. Mpaka siku moja nikachoka, nikachukua bisibisi.

Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, basi. Sasa mimi nimeishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo naiweza: hewa ni ya bure, petroli inauzwa. Ongeza cha bure, punguza cha kununua. Nikaifungua skrubu ya hewa, nikazungusha mpaka ikaogopa. Halafu nikatoa ile sindano ya ndani inayoachia petroli ukivuta mafuta, nikahamisha kibanio chake ili sindano ikae chini kabisa, tundu libaki jembamba. Pikipiki ikawaka kwa shida kidogo, ikakohoa mara mbili, ikatulia. Nikafunga chupa.

Siku hiyo waliokuwa wakiniimbia walinisubiri hadi wakaanza kupiga simu. "Oya, uko wapi?" "Bado naenda." "Unaenda wapi tena?" "Sijui, haizimi!"

Tangu hapo wakaniita ngamia. Na mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Kila abiria aliyepanda nilimwambia pikipiki yangu haili. Nilimwambia hata binti mmoja wa kule Galula aliyekuja kumuuguza dada yake Tunduma, ambaye kwa wiki tatu nilimpeleka hospitali kila asubuhi. Akanicheka. Nikamwambia tena. Akacheka tena. Ndivyo tulivyopendana, kwa habari za kabureta.

Kwao ni wafugaji wa Kisukuma, wamehamia bondeni na ng'ombe zao miaka mingi. Baba yake alipokubali kupokea barua ya posa alitoa sharti moja. Wazee wote wa ukoo hukutana kisimani ng'ombe wanapokunywa maji mchana, na siku aliyoipanga mifugo ilikuwa inaanza safari ya malisho ya mbali, haitarudi mpaka mvua. Kwa hiyo mshenga afike ng'ombe wakiwa kisimani. Wakishaondoka, wazee wanaondoka nao. "Saa ngapi hasa?" nikamuuliza binti. "Sisi hatutumii saa," akasema. "Nitakutumia meseji za ng'ombe."

Mshenga wangu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mkulima wa kahawa wa Igamba. Nilimfuata alfajiri. Alitoka amevaa makoti mawili, barua ameifunga kwenye pindo la kanga, anafanyia mazoezi salamu ya Kisukuma aliyofundishwa na jirani.

"Mwangaluka," akasema. "Mwangaluka. Nimepatia?"

"Shangazi, mimi Mnyiha mwenzako, nitajuaje?"

"Basi endesha, usinichanganye."

Kule juu pikipiki ilikwenda vizuri kabisa. Baridi, ukungu, shangazi mgongoni anamwangalukia kila mtu tunayempita. Tulipoanza kuteremka kwenda bondeni ndipo bomba likaanza kupiga. Pa! Pa! Shangazi akanishika kiuno.

"Wanatupiga risasi?"

"Ni moshi tu, shangazi."

"Moshi wa kwetu hauna kelele."

Tukashuka, joto likapanda. Shangazi akavua koti la kwanza, halafu la pili. Kufika chini kwenye tambarare, nikivuta mafuta pikipiki inajikwaa kama mlevi kwenye ngazi. Navuta, inasita. Naachia, inapiga pa! Injini ikawa inatoa joto la kuchomea mahindi. Meseji ikaingia: "Ng'ombe wa mbele wamefika." Nikaivuta kwa nguvu zote, nayo ikashusha pumzi na kuzima.

Ngamia amekufa kwenye maji mengi, tangi limejaa. Nilipiga kiki mpaka goti likaomba likizo.

"Ile pikipiki isiyokula ndiyo hii?" shangazi akauliza.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na utani. Nilikuwa naona mvua ile iliyoko mbali, na binti akikaa kwao akiisubiri, na watu wengine wenye barua zao na pikipiki zinazokula.

Mbele kidogo kulikuwa na kibanda cha bati cha fundi mmoja mwenye tumbo, anatengeneza pikipiki za wachimba dhahabu wanaokwenda Saza. Tukaisukuma, shangazi kwa nyuma. Fundi akatuangalia tangu mbali, hata hakuinuka.

"Mnatoka juu?"

"Umejuaje?"

"Wa juu mnakuja mnasukuma. Wa hapa wanakuja wamepanda."

Akafungua plagi, akaninyooshea. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto, pembeni imeanza kuyeyuka.

"Umeibana petroli, siyo?"

"Kidogo."

"Kidogo! Bwana mdogo, kule kwenu hewa ni nyepesi. Ukiongeza hewa nyepesi, injini inakuvumilia. Huku chini hewa ni nzito. Hiyo hiyo skrubu, bila kuigusa, inaingiza hewa ya kumtosha tembo. Petroli haionekani humo ndani. Inachoma kavu. Ungeenda mbele kidogo tu ungekuwa na sufuria, siyo injini."

Meseji ikaingia: "Dume jeusi linakunywa. Mko wapi?" Nikaandika: "Karibu." Shangazi akachungulia simu, akaninyang'anya, akanirudishia. "Mwambie ukweli. Unaanza uongo kabla ya mahari?" Nikaandika: "Imezima. Fundi yupo." Hakujibu.

Fundi alirudisha skrubu ya hewa, akahamisha kibanio cha sindano ili ipande juu, akachagua plagi nyingine kwenye kopo lake, akaipiga msasa. Ikawaka kwa kiki moja. Nikataka kuruka juu yake niondoke.

"Shuka," akasema. "Unataka kuzima tena huko mbele? Nenda mpaka kwenye ule mti wa miba, vuta mafuta yote, zima hapo hapo, urudi tuisome plagi. Inatakiwa iwe rangi ya kahawa."

Shangazi aliyekuwa amekaa kwenye tairi akainua kichwa.

"Kahawa ipi?"

"Kahawa tu, mama."

"Hakuna kahawa tu. Ikiwa kwenye kikaango dakika za mwanzo ina rangi yake, ikianza kupasuka ina rangi yake, ukienda kupiga soga ikaungua ina rangi yake. Ipi?"

Fundi akajikuna kidevu. Nadhani miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kuulizwa. "Ya katikati," akasema.

Basi shangazi ndiye akawa hakimu. Nikaenda, nikarudi, plagi ikatolewa, akaiangalia juani kama anavyoangalia punje zake. "Mbichi. Ongeza." Fundi akazungusha kidogo. Nikaenda, nikarudi. "Hii umeiunguza, punguza." Nikaenda tena. Akaigeuza, akainusa hata, sijui alitafuta nini. "Hii ningeinywa." Fundi akafunga kabureta bila kubisha. Ile plagi nyeupe nikataka kuitupa, shangazi akaniwahi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ya nini hiyo?"

"Ili ukijisifu tena nikuonyeshe."

Kutoka pale pikipiki ilikuwa nyingine. Nikivuta inavuta, haipigi, haisiti. Petroli ilikuwa inateketea, nasikia kabisa inavyomeza, na sikujali. Shangazi mgongoni alikuwa na shida yake. "Jua limefika kichwani. Mwangaluka ni ya asubuhi! Salamu yangu imeharibika!" Akasimamisha mwanamke mwenye ndoo njiani, akaulizia ya mchana. "Mwadila," tukaambiwa. Tukaendelea, yeye anakariri, mimi naomba.

Tukakuta ng'ombe bado wako kisimani. Wote. Wazee wamesimama na fimbo zao, wamechanganyikiwa, maana walikuwa wanasubiri mifugo imalize kunywa na mifugo haimalizi. Binti alikuwa pembeni ya hori, ameshika beseni tupu, mikono imejaa weupe wa chumvi. Aliponiona akaficha beseni nyuma yake. Alikuwa amewalambisha ng'ombe chumvi yote ya nyumba, wakawa wanakunywa kama wanajaza tangi la lori.

"Mwadila!" shangazi akapaza sauti, akapiga goti, akafungua pindo la kanga kwa heshima zote. Kilichodondoka kwanza miguuni kwa mzee, baba yake binti, ni plagi.

Mzee akaiokota, akaigeuza. "Hii ndiyo barua?"

Wazee wakacheka. Mimi nikatamani ardhi inifunike.

"Binti yangu ameniambia una pikipiki isiyokula," mzee akasema, akinitazama mimi. "Nikajiuliza. Ng'ombe asiyekula hanipi maziwa. Wewe ukiwa na kitu chako unakinyima chakula ili ukisifu. Mke je?"

Nikayameza majibu kama kumi ya kijiweni.

"Niliinyima, baba," nikasema. "Ikanizimia njiani, na shangazi akaisukuma. Leo imekula. Nimeilisha hapo nyuma, imekula mpaka nimeogopa."

Mzee akamgeukia shangazi. "Kweli?"

"Kweli. Rangi yake niliithibitisha mwenyewe."

Hakuelewa, lakini alikubali. Akapokea barua, akaiweka mfukoni. Plagi nayo akaiweka mfuko huo huo, na mpaka leo hajairudisha. Siku ya harusi aliitoa mbele ya watu.

Kabureta yangu sasa ina alama mbili za rangi ya kucha kando ya skrubu, nyekundu ya kwetu juu, nyeupe ya kwao bondeni. Mke wangu ndiye aliyezipaka. Kijiweni nimeshuka hadhi, chupa yangu inaisha mapema, wananiimbia. Nasukuma tu. Nikifika nyumbani kabla sijavua koti ananiuliza kama imekula.