Mama Aliyekataa Kuzika Mgomba

Kila mwaka, tamasha la shule la Tororo lilipokaribia, mwalimu mkuu aliniagiza nipendekeze mchezo wa kuigiza. Neno hilo, kupendekeza, linanikera mpaka leo. Nilisoma, nikachagua, nikasimama mbele ya kamati na kujieleza mpaka jasho likanitoka, halafu wakachukua mchezo ule ule wa mfalme wa Ulaya na mapanga yake ya mbao. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, hata stempu. Mfalme tu ndiye aliyekataa kung'oka.

Mwaka mmoja nilikuwa na kitu cha maana mkononi. Mwalimu mwenzangu, binti wa kutoka Dabani, alikuwa ameandika mchezo mfupi wa Kiswahili ambao ungekwisha ndani ya kipindi kimoja cha darasa. Kijana amevuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai huko Kenya, na hajulikani aliko. Wazee wa ukoo wanamwambia mama yake kwamba sasa yatosha, kaburi lichimbwe, lizikwe shina la mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi yetu mtu akipotelea mbali. Mama anakataa. Wanachimba bila ridhaa yake. Anaingia kaburini, anakaa humo, na mchezo unaishia hapo.

Kijana yule alikuwa kaka yake mwandishi, na mama yule alikuwa mama yake mzazi. Mgomba ulikwisha kukatwa nyumbani kwao kweli, na mama akawatupia ng'ombe. Tangu hapo ukoo mzima ulimwita kichaa. Mwenzangu hakutafuta sifa wala zawadi. Alitaka mama yake akae ukumbini, mbele ya watu, aone kwamba yuko mtu aliyemwelewa.

Kamati ilikutana ofisini kwa mwalimu mkuu. Niliwasomea mchezo wote kwa sauti, nikadhani nimewapata.

"Huu hapana," mzee wa kanisa akasema. "Kuchimba kaburi la mtu ambaye labda yu hai ni kumwitia kifo."

"Na ule wa mfalme?" nikauliza. "Si jukwaa zima hujaa maiti?"

Mwalimu mkuu, mzaliwa wa Bulumbi, alinijibu bila hata kutabasamu. "Wale wanakufa kwa Kiingereza, mwalimu. Kifo cha Kiingereza hakina mkosi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Wangesema wanaogopa, ningewaelewa, maana walikuwa watu wa hapa hapa na baadhi yao walikuwa wamezika migomba kwa mikono yao. Lakini uamuzi walioutoa ni kwamba mchezo haujafikia kiwango. Nikamfikishia mwenzangu maneno hayo, na niliona aibu kana kwamba ni yangu. Alikunja karatasi zake na kurudi darasani kufundisha hesabu.

Siku ya tamasha hakuja. Alikuwa amempelekea mama yake habari kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli kwamba asijisumbue kusafiri, lakini habari haikufika. Mama alipanda basi, akaingia ukumbini na gomesi yake ya Jumapili, lile vazi refu la mshipi kiunoni, akakaa mstari wa mbele kabisa.

Akamtazama mfalme tangu mwanzo hadi mwisho, yeye asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Maiti zilirundikana, watu wakatafuna njugu. Hakuna aliyelia. Mwalimu mkuu alipiga makofi akiwa amesimama, na mimi nilikaa nimeuma meno kwa hasira.

Watu walipoanza kutoka, yeye hakuinuka. Nilimwendea, nikapiga magoti kumsalimu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "ule mama ya mgomba nakuja saa ngapi? Mtoto yangu aliniambia ule mama nakuja."

Nilitamani kumtungia uongo, nikashindwa. Nikamwambia mchezo wa binti yake ulikataliwa, na kwamba yule mama hatatokea leo wala siku nyingine. Alilitazama jukwaa, ambako watoto walikuwa wakiokota mapanga ya mbao. Kisha akaweka sawa mshipi wa gomesi yake.

"Basi hata nyinyi watu ya shule," akasema, "mnakwisha kuzika kijana yangu."