Kitambaa Tulichoacha Ndani ya Mshono

Siku ya kwanza nilipoingia atelye ya kushona ya Mama Yustina, kule mtaa wa Nyakabiga, sikupewa cherehani. Nilipewa wembe na gauni la zamani, nikaambiwa nifumue. Ndani ya mshono nikakuta kitambaa kimekunjwa, upana wa vidole viwili kila upande. Nikadhani fundi alikosea kukata. Mama Yustina, mkubwa wetu wa kazi, akacheka.

"We mutoto, hiyo ni akiba. Mwanamke hapimwi mara moja kwa maisha yote."

Mi shule niliiacha mapema, namba za futi zilinichanganya. Akanifundisha kupima kwa kamba nyembamba: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Kila mteja na kamba yake, kwenye msumari wake. Ya Consolata, ya Mediatrice, ya Mama Shukuru Mukongomani. Na nyinyi mnaoshona leo mjue faida yake: hakuna aliyesikia kipimo chake kikitajwa mbele za watu.

Nilipofungua atelye yangu Cibitoke, mteja wa kwanza alikuwa Goreth, mwimbaji wa kwaya. Alipofiwa na mume aliacha kuimba, akaacha kula, hata kuoga ikawa kazi. Dada yake akampeleka kwa daktari, akapewa vidonge vya huzuni. Polepole sauti ikarudi. Ila na njaa ikaja nayo, njaa ya mkate, maandazi, viazi vitamu. Anamaliza, anatafuta tena. Pasaka ilipokaribia akaja kujaribu gauni la kwaya nililomshonea kabla ya msiba. Likagoma nyongani.

"Njiani wananipongeza," akasema. "'Goreth, umenenepa, amani imekuingia.' Na mi nataka kulia. Hivi vidonge naviacha leo."

"Na kuimba utaacha pia?"

Akalivuta tena gauni kwenye nyonga.

"Daktari umemwambia?"

"Nimwambie nini, kwamba nakula maandazi?"

"Mwambie hivyo hivyo. Kuacha tu kwa hasira, apana. Gauni niachie mi."

"Utafanya nini? Utanipunguza kwa makasi?"

"Keti, dada."

Nikachukua wembe, nikafumua mbele yake. Kitambaa kikatoka mshononi, rangi yake mbichi, hakijaona jua. Akakishika.

"Kumbe uliniwekea."

Kesho yake alienda kwa daktari, nikamsindikiza. Pasaka aliimba. Baadaye daktari alimbadilishia dawa, njaa ikatulia, mwili ukarudi kidogo, si wote. Nikafunga fundo jipya kwenye kamba yake. Yale ya zamani sikuyafungua.

Sasa macho yamekataa uzi. Cherehani iko kwa mjukuu wangu Divine, mi nakaa Carama. Kamba nyingi nilizirudisha kwa wenyewe. Ya Goreth ninayo, maana alihama, alimfuata binti yake mbali. Akipiga simu namwomba aimbe, anaimba. Kiuno simuulizi. Ila nikiishika hiyo kamba, mikono inatamani kumzunguka tena, nijue amefika fundo gani.