Mahali pa Hyasinta

"Sema tena, wifi. Alisema *pa* au alisema *ya*?"

"Niache nipike. Maharage hayajui *pa* wala *ya*."

"Maharage yaungue! Mume wangu yuko hapo sebuleni kwa padre, fimbo kati ya magoti. Ametoka Butiama juu ya lori la pamba kuja kumwuliza mgeni wenu ng'ombe wako wapi. Mimi nimempita huyo mgeni kisimani anateka maji, anajisemea peke yake kama mwehu: mahali, mahali, mahali. Nikamwuliza, baba, una nini? Akasema, 'Mama, ulimi wangu mbaya. Nilitaka kusema mahali pa Hyasinta.' *Pa*, wifi! Mtu hawezi kukosea mahali halafu apatie *pa*."

Pelagia akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri bila msaada wa mtu. Machozi yalipomtoka alishukuru kwamba kuna moshi.

Petronila, mke wa kaka yake, alisoma kwa masista mpaka darasa la nne. Ni darasa la nne tu, lakini siku hiyo lilimchoma Pelagia kuliko digrii. Yeye mwenyewe shule aliiona kwa nje, siku alipopeleka kuni.

Kule Butiama walikozaliwa Pelagia na kaka yake Burito, ile *le* na ile *re* ni ndugu wa tumbo moja. Ukimwita mmoja wanaitika wote wawili. Mtu anaenda kukura ugali, na siku ya uchaguzi anaenda kupiga kula, na hakuna aliyewahi kulala njaa wala kukosa mbunge kwa sababu hiyo. Mahali na mahari, vilevile, kwa masikio yao ni neno moja lenye kazi mbili. Ukisikia linatajwa pamoja na jina la msichana, hutafuti kazi ya pili.

Pelagia alikuwa ameliona hilo tundu, akalitumia.

Watu wa Nyasura, mtaa wake pale Bunda, walimjua kwa uongo mtamu. Alipokuwa ameolewa na Masatu, mvuvi wa Kibara, kabla ziwa halijamchukua Masatu, alirudi siku moja na habari kwamba wamepasua sangara mkubwa wakakuta ndani ya tumbo lake foleni ya watu wanasubiri sukari, na wa mwisho akatoa kichwa akauliza kama duka limeshafunguliwa. Mwaka huo sukari ilikuwa ya kibali, sabuni ilikuwa hadithi, na watu walicheka mpaka wakasahau kwamba chai yao ilikuwa chungu. Padre ndiye aliyempa kazi ya jikoni parokiani Bunda. Alisema anayeweza kuwachekesha watu wanaokula ule unga wa njano wa msaada anafaa kuwapikia.

Uongo wa namna hiyo haumdhuru mtu. Ni kama chumvi. Huu wa sasa ulikuwa wa namna nyingine, na Pelagia alijua tofauti yake tangu ulipomtoka mdomoni.

Wale wanafunzi waliletwa na ushirika wao wa Kikristo wa chuo kikuu. Likizo ndefu ikifika, wenzao wa hapa nchini wanakwenda makwao, lakini wale wa kigeni, hasa waliokimbia vita, wanabaki bwenini wakihesabu madirisha. Basi ushirika ukawa unawapeleka kukaa na Wakristo wa mikoani, wasali nao, walime nao, wale nao. Parokia ikapokea kundi: dada mmoja wa Zambia aliyeimba mpaka kuku wakasimama, Mhabeshi mmoja mwembamba aliyeuogopa ugali wa udaga, ule wa muhogo, kama deni, na huyu Hafeni wa Namibia, aliyekuwa anamalizia udaktari.

"Hafeni?" Pelagia aliuliza siku ya kwanza. "Kama ni kweli hafi, basi jina limekaa."

Kijana alicheka, akasema kwao lina maana ya furahini. Akavua viatu, akakaa jikoni kumenya viazi, akamwita *meme*. Kwao ndiyo mama. Wapishi wenzake wakaanza kumlilia Pelagia kama mbuzi kila akipita, mee, mee, naye akawatishia mwiko. Lakini moyoni lile neno lilimkaa vizuri. Hafeni alivuka mpaka kwa miguu akiwa mtoto wa shule, na tangu siku hiyo hajamwona mama yake. Alimsimulia hayo huku anaosha sufuria, mgongo umemgeukia, na Pelagia hakutia uongo wowote juu ya habari hiyo, hata alipowasimulia wengine.

Hyasinta ndiye aliyemkaribisha Hafeni kwenye kwaya. Ni binti wa Burito na Petronila, lakini alilelewa na shangazi yake Nyasura tangu anaanza shule, na sasa amemaliza kidato cha nne na yupo tu. Watoto wawili wa Pelagia walishaondoka, mmoja Geita, mmoja hajulikani. Jioni Hyasinta ndiye anayesema, "Shangazi, nikukande miguu?" Ndiye anayecheka kabla uongo haujafika mwisho, kwa sababu anaujua.

Hafeni akaona huyo binti anavyofunga vidonda vya watoto kwa vitambaa vya mitumba alivyochemsha. Akaenda kuzungumza na mlezi wa ushirika wao, sista mmoja aliyekuja nao, anayesimamia chuo cha wauguzi kule Iringa. Kisha akaja jikoni, uso unang'aa.

"Meme, nimepata mahali pa Hyasinta. Inatakiwa ruhusa ya baba yake tu, kabla sisi hatujarudi. Mimi siwezi kumwendea mzee mwenyewe. Hyasinta anasema mambo ya binti yanapitia kwa shangazi."

Alisema *pa*. Alifundishwa Kiswahili darasani, alitamka kila herufi kama anaipa mkono. Pelagia alisikia *pa*, akasikia Iringa, akaiona nyumba yake jioni bila mtu.

Akapanda lori, akashuka Kiabakari, akatembea, akamkuta kaka yake uani amekaa mbele ya boma tupu. Wezi wa mifugo walishalisafisha msimu uliopita.

"Kaka," akasema, "yule mgeni wa parokia amepata mahari ya Hyasinta."

Hesabu yake ilikuwa hii: Burito atakataa. Mtu asiye na ukoo, asiye na nchi, kutoka huko jua linakozamia! Atasema, mwambie asikanyage hapa, na binti asimsogelee tena. Na kitakachokuja kutoka kwa Hafeni, hata kama ni Iringa, kitakufa palepale. Hyasinta atabaki Nyasura. Hakuna atakayeumia, labda kijana atashangaa kidogo.

Lakini Burito alitazama boma lake, akauliza polepole, "Ng'ombe wa kwao wakoje?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Pelagia, ule uongo wake wa kawaida ukamshika, akaeleza. Ng'ombe wa kule wanavuka jangwa bila maji. Pembe zao ni ndefu mpaka mlangoni wanapita kwa zamu, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Burito akakubali. Akataja siku. Akawaambia na ndugu zake.

Na siku ikapita, ng'ombe hawakuonekana hata mkia. Sasa Burito alikuwa amekuja kuchukua vitu viwili: maelezo kutoka kwa huyo aliyemfanya mtoto mdogo mbele ya ukoo, na binti yake, ampeleke kwa Nyamburi, mzee wa jirani mwenye wake wawili na ng'ombe ambao mtu anaweza kuwagusa kwa mkono. Wanafunzi walikuwa wanaondoka kesho alfajiri. Hyasinta alikuwa kanisani akiimba nao nyimbo za kuagana, hajui kitu, gauni lake la safari ya Iringa amelianika tangu asubuhi.

"Na kijana umemwambia nini?" Petronila aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu.

"Nilimwambia... ulimi wake uliteleza, ukasema mahari."

"Ulimwambia yeye ndiye amekosea?"

"Aliinamisha kichwa, wifi. Akaniomba msamaha. Mimi! Akaniomba msamaha mimi."

Petronila akakaa juu ya gogo la kuni. "Ee Mama Maria."

"Nimeshaungama," Pelagia akasema haraka. "Nimekwenda kwa padre juzi, nimesali rozari nzima. Sisi siyo kama hao walokole wa ushirika wanaosimama mbele za watu wanaanika dhambi zao kama dagaa juani. Sisi dhambi zetu tunazipeleka kitubioni, zinabaki hukohuko."

"Na padre akakuondolea?"

"Akaniondolea."

"Na Hyasinta? Nani amemwondolea Nyamburi?"

Pelagia akageuza maharage. Alitafuta hata uongo mdogo akakosa.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe ni mke wake. Sema umesikia kisimani."

"Nikimwambia mimi atasema namtetea mtoto asome, kama kawaida yangu. Wewe ndiye dada yake. Wewe ndiye uliyebeba lile neno. Basi lirudishe kwa mdomo uleule."

Pelagia akafuta mikono kwenye khanga. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka. Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua chache tu, lakini siku ile aliona kama anatembea kutoka Musoma.

Burito alikuwa amekaa wima, kofia bado kichwani.

"Naona umekuja bila mgeni," akasema.

"Anakuja. Kaka, yule kijana hana ng'ombe."

"Wako njiani?"

"Hana kabisa. Zile pembe niliongopa."

Burito akacheka puani. "Wewe uliwahi kuacha lini? Mimi nikikusikiliza nakataga nusu. Nilisema hata nusu yao inatosha."

"Hata nusu hakuna. Alisema mahali, kaka. Amepata mahali pa kusoma."

"Mahari ya kusoma? Hiyo ndiyo mahari gani?"

Pelagia akafumba macho. Neno lilelile, mlango uleule, na sasa lilikuwa limemfungia yeye nje. "Nafasi!" akasema. "Kitanda! Shule! Iringa kuna chuo cha wauguzi, kuna kitanda kimoja kimebaki, wamempa Hyasinta akalalie, asome, awe nesi. Wanataka useme ndiyo, basi. Hakuna ndoa. Hajawahi kuitaja."

Burito akaizungusha fimbo kati ya magoti. Nje, kwaya ilikuwa imefika kwenye wimbo wa mwisho, ule ambao wageni huimba kila mmoja kwa lugha yake na hakuna anayeharibu.

"Kwa hiyo Kiswahili kilimshinda," akasema mwishowe, na uso wake ukalegea kidogo. "Mgeni ni mgeni. Nitamsamehe mbele ya ndugu. Lakini mtu ambaye neno moja linamshinda, siwezi kumpa mtoto wangu kwenda naye mpaka Iringa. Binti narudi naye leo."

Mlango ulikuwa huo, umeachwa wazi. Ilitosha kunyamaza tu. Kijana angesamehewa, kaka angeondoka bila aibu, hakuna mtu ambaye angemkumbuka Pelagia. Petronila alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Kiswahili hakikumshinda," Pelagia akasema. "Alikisema vizuri kuliko wewe na mimi. Nilimsikia na nilimwelewa. Hapa jikoni nilielewa nafasi, kule kwako nikasema mahari, na njia nzima ya lori nilikuwa nalifanyia mazoezi. Mpe huyo mtoto aende, kaka. Mtu wa kukasirikiwa ni mimi."

Burito akavua kofia. Alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake mwenyewe ndani ya boma la mtu mwingine.

"Ndugu zangu walikaa nyumbani kwangu siku nzima," akasema. "Mwikwabe alileta kamba za kufungia ng'ombe. Kwa nini?"

"Kwa sababu..."

"Kwa nini, Pelagia? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ni kwamba jioni, ikifika, yule mtoto ananiita..."

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa Hafeni. Viatu alikuwa ameviacha nje, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani kwa maji ya ndoo. Alichuchumaa karibu na kizingiti, mikono ameikutanisha, kama alivyoona vijana wa hapa wakifanya mbele ya wakwe.

"Shikamoo, mzee," akasema, kila herufi mahali pake. "Shikamoo, meme. Nimekuja kwa ajili ya kosa langu."

Burito hakumtazama. Alikuwa anamtazama dada yake bado, na ile shikamoo ikabaki katikati ya chumba, haijaitikiwa na mtu.