Sala ya Kuchaguliwa wa Kwanza

Kwenye basi la Dixon Road, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimweleza mwenzake kwamba jumuiya yao ya kanisa inafunga na kusali ili mtoto wa kaka yake, huko Melbourne, awe wa kwanza kuchaguliwa klabu za mpira wa Kiaustralia zitakapogawana vijana wapya.

"Dada, unajua klabu gani huanza kuchagua?" mwenzake akauliza.

"Si mabingwa?"

"Walioshika mkia! Ili nao wapate nguvu."

Mama akaishusha rozari mapajani. "Yesu wangu! Kumbe tunamwombea aende kwa wanaofungwa kila siku?"

"Huko atacheza. Kwa mabingwa angekaa benchi."

Mama akaishika tena rozari. "Basi tuendelee kufunga, ila tuwaombee na hao wenzake."

Nyuma yao, nikajifikiria: tangu nimzike mume wangu, watu huniombea nguvu. Hakuna aliyekumbuka kumwombea na binti yangu, anayeishi nami na majonzi yangu.