Milango ya Nundu

Karakana ile ilikuwa ya ndugu wawili, dada na mdogo wake. Mdogo ndiye seremala, na watu walimwita Radi, maana hata akikusalimu mabati yanaitika. Dada, mwenye kazi ya rangi na vanishi, walimwita Taratibu, na kwa kweli hawakumsingizia. Siku ya mkono wa mwisho wa vanishi humwaga maji sakafuni vumbi litulie, kisha humtoa nje kila mtu, na Radi huambiwa akae mbali afunge mdomo. Maskini, hakuna adhabu aliyoichukia kama hiyo.

Radi alikuwa amefiwa na mkewe zamani. Sasa alipata mchumba, mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke mpole mwenye macho ya kucheka. Taratibu alimpenda, na hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mkorofi, angalau angepata wa kumlaumu. Nyumba yeye ndiye aliyeishika tangu msiba. Sasa mwenye nyumba anakuja, na dada wa mume ataitwa nani? Mgeni asiyeaga.

Radi akaunda kabati. Fremu ilikuwa ya mbao za kawaida, za kutiwa rangi nyeusi. Milango ilikuwa ya nundu, ule uvimbe unaoota kwenye shina la mti, ambao ukiupasua unakuta nyuzi zimejiviringa na vijicho vimetapakaa kila mahali.

“Sioi mpaka kabati liishe,” akatangaza, na mtaa mzima ukasikia.

Nundu ina kiu. Usipoitangulizia vanishi nyepesi ikashiba, itakunywa rangi yoyote iliyo karibu. Radi alilijua hilo vizuri, ila alikuwa na haraka za bwana harusi. Asubuhi moja Taratibu akamkuta ameshaipaka fremu weusi, milango ikiwa bado mitupu, na ukingoni mwa mlango mmoja doa limepenya hadi kwenye vijicho.

“Dada, nilitaka kukupunguzia kazi.”

“Umenipunguzia umri. Nenda kanunue msasa laini, na usirudi mbio.”

Alipobaki peke yake akavuta kigoda, akaketi mbele ya lile doa. Akisema mlango umeharibika, nundu nyingine kama ile itapatikana lini? Harusi itasogezwa, labda hadi mwakani. Nani angembishia? Moyo wake ulichangamka, na alipouona umechangamka akajionea aibu.

Akachukua kipande cha kioo, akaanza kukwangua. Weusi ulitoka shingo upande. Ule uliozama kabisa ndani ya vijicho akauacha, maana ulivipendezesha. Msasa ulipofika akasugua mlango mzima, akaushibisha vanishi nyepesi, na mwenzake vilevile, akairekebisha fremu. Kisha akapiga mkono baada ya mkono, akisubiri ukauke, akisugua, akipangusa, hata milango ikang'aa katikati ya weusi ule kama chai ya rangi kwenye glasi. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, na alijua anaifanya ili atoke nyumbani kwa heshima.

Vanishi ilipokauka akawaita Radi na mchumba wake.

“Njoo uone kabati lako, wifi,” akasema.

Mshonaji akapitisha kiganja mlangoni, polepole, mara mbili.

“Si langu, wifi. Mimi ninalo, aliniachia mama. Nilimwambia huyu bwana, siingii nyumba ambayo dada yake anaweka nguo kwenye maboksi. Hili ni lako.”

Taratibu akamgeukia mdogo wake. “Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, dada?” Radi akajikuna kisogo. “Ungejua ni lako, ungelipiga mkono mmoja tu ukaliacha.”

Ilikuwa kweli tupu, na Taratibu akalia mbele yao bila kujificha.